Steshenari ya Uru ambako faili zilikataa kupanda: antena, minara na swali la 5G

Duka tunalolichambua ni la mfano. Limeundwa kutokana na hali zinazojirudia sana miteremkoni mwa Kilimanjaro, na vipimo vyake vimewekwa katika viwango ambavyo fundi hukutana navyo kwenye mazingira ya namna hiyo. Ni steshenari upande wa Uru, kaskazini ya mji wa Moshi: chumba kimoja cha tofali, paa la bati, dirisha lenye nondo, na migomba ikianzia hatua chache nyuma ya ukuta. Kazi zake ni fotokopi, kuskani, maombi ya mikopo ya HESLB, uhakiki wa vyeti vya kuzaliwa RITA na maombi ya ajira. Kila kazi katika hizo humalizikia kwenye kupandisha faili, na hapo ndipo mambo yalipokuwa yakikwama.

Lalamiko la mama mwenye duka lilikuwa hivi: mtandao upo, video inacheza, WhatsApp inaingia, lakini cheti kilichoskaniwa kinazunguka dakika mbili tatu, kisha fomu inarudi mwanzo. Alishabadilisha laini mara mbili na kununua bando kubwa zaidi. Muuzaji mmoja alimshauri anunue rauta ya 5G, mwingine akamwonyesha antena iliyoandikwa dBi 28 kwenye boksi (dBi ni kipimo cha jinsi antena inavyokusanya mawimbi kutoka upande mmoja). Simu yake ilionyesha mistari mitatu kati ya mitano.

Mistari hiyo iwekwe pembeni kabisa. Kila kampuni ya simu huipanga kwa vigezo vyake, na kwa kawaida hueleza ukubwa wa mawimbi yanayofika bila kueleza usafi wake. Rauta ina ukurasa wake wa ndani, ambao hufunguliwa kwa kuandika kwenye kivinjari namba iliyo kwenye kibandiko chini ya rauta, mara nyingi 192.168.8.1 au 192.168.1.1. Humo kuna vipimo vitatu vya kuandika kwenye karatasi. RSRP ni nguvu ya mawimbi ya mnara, hupimwa kwa dBm, na kadiri namba inavyokaribia sifuri ndivyo nguvu inavyokuwa kubwa: -80 ni nzuri sana, -100 ni ya kubahatisha, na ukifika -110 uko ukingoni. SINR ni jinsi mawimbi ya mnara wako yanavyozidi kelele na minara mingine: juu ya dB 20 (dB ni kipimo cha mawimbi kuzidi au kupungua) ni safi kabisa, 13 hadi 20 ni nzuri, chini ya 5 kazi inakuwa ya tabu, na ikishuka chini ya sifuri kelele imeyazidi mawimbi yenyewe. RSRQ husaidia kuona msongamano: -9 au -10 ni hali nzuri, -15 kwenda chini ni mbaya.

Juu ya meza ya duka rauta ilisoma bendi 3, yaani fungu la masafa ya MHz 1800, RSRP -109, RSRQ -14, SINR 1. Kasi ya kushusha ilikuwa Mbps 4 (megabiti 4 kwa sekunde), ya kupandisha 0.2.

Namba hiyo ya mwisho ndiyo ugonjwa wenyewe. Mnara hurusha kwa wati 20 hadi 40 kwa kila mkondo wa antena zake. Rauta au simu ya 4G hujibu kwa kiwango kisichozidi wati 0.2. Kwa hiyo mawimbi yanapodhoofika, sauti ya mnara bado hukufikia wewe, ila ya kwako haimfikii mnara sawasawa. Rauta hupandisha nguvu mpaka mwisho wake, kisha mnara huipa njia ndogo zaidi na mfumo wa polepole zaidi ili angalau kitu kipite. Skani ya megabaiti 3 ni megabiti 24. Kwa Mbps 0.2 inachukua sekunde 120 hata bila kipande chochote kurudiwa, na tovuti nyingi hukata muunganisho kabla ya hapo. Video inacheza kwa sababu inashuka tu. Mtu anayepima mtandao kwa video hawezi kuliona tatizo hili, na ndiyo maana mama wa watu alinunua mabando ambayo yasingemsaidia hata yangekuwa makubwa mara kumi.

Kuna nafuu moja isiyohitaji kifaa chochote, na ianze siku hiyohiyo: kuskani nyaraka kwa dpi 200 (nukta kwa inchi) za kijivu badala ya dpi 600 za rangi. Faili ya megabaiti 3 hushuka chini ya megabaiti 1, na maandishi yanaendelea kusomeka vizuri. Haiponyi, lakini wanafunzi wanaosubiri benchi wanahudumiwa.

Hatua iliyofuata ni kujua minara iko wapi. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro ardhi yenyewe hukuelekeza. Mito kama Karanga, Rau na Weruweru hushuka kutoka mlimani kuelekea kusini, na kati ya mto na mto kuna mgongo wa kilima unaoshuka nao. Ukiwa bondeni, mashariki na magharibi kuna ukuta wa ardhi na miti, kaskazini kuna mlima, na upande ulio wazi ni kusini, kule chini mjini, ambako mji wa Moshi uko kati ya mita 800 na 900 hivi juu ya usawa wa bahari. Watu wengi huelekeza antena kwenye mnara wanaouona karibu juu ya mgongo wa pili. Mnara wa mbali ulio chini mara nyingi una njia safi zaidi, kwa sababu mstari kutoka mteremkoni hadi huko hupita hewani juu ya miti yote. Kwa umbali wa kilomita 5 na MHz 800, mawimbi yanahitaji nafasi wazi ya takribani mita 13 kuzunguka mstari huo pale katikati ya safari, na kutoka Uru kushuka mjini nafasi hiyo hupatikana pasipo shida. Kwa mnara wa mgongo wa pili hata ukiuona ncha yake kati ya majani, nafasi hiyo haipo.

Kutambua mnara unaokuhudumia kuna hesabu rahisi. Ukurasa wa rauta, au programu kama CellMapper kwenye simu ya Android, huonyesha namba ya seli. Igawanye kwa 256: sehemu nzima ni namba ya mnara, mabaki ni upande wa mnara huo. Namba 13312771 ikigawanywa kwa 256 hutoa 52003 na mabaki 3, yaani mnara 52003, upande wa 3. Namba ya mnara ikibadilika unaposogeza rauta, umehamia mnara mwingine, hata kama mistari kwenye kioo haijabadilika.

Rauta ilipandishwa juu ya paa ikitumia betri ndogo ya volti 12, zile zinazouzwa kwa ajili ya umeme ukikatika, kisha ikafungwa kwenye bendi moja baada ya nyingine kupitia ukurasa wake wa mipangilio. Kwenye bendi 3 ilishika mnara wa mgongo wa pili, kilomita 1.3: RSRP -91, SINR 4, kupandisha Mbps 1.5. Kwenye bendi 20, yaani MHz 800, ilishika mnara wa kusini, kilomita 5: RSRP -96, SINR 12, kupandisha Mbps 4.

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu -91 inaonekana bora kuliko -96. Duka liko kwenye mpaka wa pande mbili za mnara ule wa karibu. Pande zote mbili hurusha kwenye masafa yaleyale, na orodha ya seli jirani ilionyesha upande wa pili ukisikika kwa -93, karibu sawa na ule unaotoa huduma. Ni kama kusikiliza wahubiri wawili wenye vipaza sauti katika uwanja mmoja: kuongeza sauti ya wote hakukusaidii kuelewa neno. Rauta ikiachwa peke yake huchagua mnara wenye nguvu, maana ndivyo ilivyoundwa. Kazi ya fundi ni kuilazimisha kwenye mnara ulio safi. Kinachopotea ni upana: bendi ya 800 hapa ilikuwa na MHz 10 wakati ya 1800 ilikuwa na 20, hivyo kilele chake cha kinadharia ni nusu. Kwa duka linalopandisha vyeti, nusu ya kilele hicho ni nyingi mno kuliko inavyohitaji.

Sasa antena. Iliyochaguliwa ni jozi ya antena za logi-periodiki, zile zenye umbo la mshale ndani ya ganda la plastiki, za MHz 698 hadi 2700. Antena ya aina hii yenye urefu wa nusu mita hivi hutoa dBi 8 hadi 11. Andiko la dBi 28 kwenye boksi la ukubwa huo si kweli. Ili kufikia dBi 28 kwenye MHz 1800 unahitaji dishi lenye kipenyo cha mita moja na nusu au zaidi, na kifaa kinachotoshea kwenye mfuko wa rambo hakiwezi kuvunja sheria ya maumbile. Antena ya yagi, ile yenye vijiti kama ya televisheni, hutoa zaidi kidogo kwenye bendi moja, ila ukihama bendi inakufa. Antena inayopokea kutoka pande zote isiwekwe mahali kama hapa hata kwa bure, kwa kuwa itakusanya kelele za pande zote mbili za mnara wa karibu na kuziingiza ndani.

Zinahitajika mbili kwa sababu 4G hutuma mikondo miwili kwa pamoja, mmoja ukiwa umelala nyuzi 45 kulia na mwingine nyuzi 45 kushoto, kama antena za mnara zenyewe zilivyo. Antena moja ifungwe ikiegemea kulia, ya pili kushoto, zikiwa na nafasi ya sentimita 40 au zaidi kati yao, ncha nyembamba zikitazama mnara. Ukizifunga zote zikiwa wima, mkondo wa pili hupotea au kudhoofika sana, na kasi ya kushusha huweza kushuka hadi nusu ilhali RSRP inasoma vizuri.

Waya ndio ulioharibu kazi nyingi kuliko kitu kingine chochote tunachokijua kwenye fani hii. Kutoka nguzo hadi meza ya duka ni mita 15. Antena zinazouzwa na waya mrefu mwembamba aina ya RG58 hupoteza takribani dB 0.55 kwa kila mita kwenye MHz 800, na kiasi cha 0.8 kwenye 1800. Mita 15 ni karibu dB 8 kwenye 800, na 12 kwenye 1800. Antena ya dBi 9 ikiunganishwa kwa waya huo hubakiwa na dB 1, wakati antena za ndani ya rauta zenyewe zina kama dBi 2. Mtu ametoa hela, amepanda paa, na amerudi nyuma. Waya mnene wa aina ya LMR-400 ungepoteza chini ya dB 2 kwenye MHz 800 kwa mita hizo 15, lakini ni ghali, ni mgumu kukunja, na uzito wake hung'oa soketi ndogo za rauta usiposhikiliwa vizuri.

Dawa ya bei ndogo ni kuipeleka rauta karibu na antena. Iliwekwa kwenye boksi la plastiki lenye matundu ya hewa, ukutani chini ya upenu wa paa, upande usiopigwa na jua la mchana. Waya wa antena ukawa mita 4 tu za LMR-200, hasara dB 1.2, na konekta zikachukua nusu dB nyingine. Kutoka kwenye rauta hadi meza ulishuka waya wa mtandao wa Cat6, ambao hubeba data hadi mita 100 bila kupunguza kasi. Boksi lisiwekwe juu ya dari chini ya bati. Joto la huko mchana hupita nyuzi 40, kiwango ambacho rauta nyingi za nyumbani hazikutengenezwa kukivuka, na dalili yake ni rauta kujizima saa nane mchana na kurudi jioni.

Konekta nazo zina mtego wake. Rauta nyingi zenye soketi za nje hutumia SMA, na nyingine ndogo hutumia TS-9. Antena za Wi-Fi hutumia RP-SMA, inayofanana na SMA kwa macho na hata kukaza inakaza, ila sindano ya katikati haigusi kitu: tundu linakutana na tundu. Kabla ya kukaza angalia katikati ya konekta ya waya. Kwa soketi ya kawaida ya SMA kwenye rauta, konekta ya waya lazima iwe na sindano. Kisha ingia kwenye mipangilio uibadilishe rauta itumie antena za nje. Ikiachwa kwenye hali ya kujichagulia, baadhi ya rauta hubaki na antena za ndani na fundi akahangaika kugeuza nguzo bure.

Nguzo ilikuwa bomba la chuma lisiloshika kutu la inchi 1.5, mita 6, likashikwa ukutani kwa vishikio viwili vilivyoachana mita 1, ncha ikipita kilele cha paa kwa mita 3. Bati likiwa karibu na antena huirudishia mawimbi yaliyogeuka, hivyo mita 1 juu ya kilele ndiyo kima cha chini. Waya tatu za kuvuta zilifungwa kwa pembe sawa kuzuia nguzo kuyumba, kwani antena inayoyumba kwa upepo hufanya SINR iyumbe nayo. Kila konekta ya nje ilizungushiwa utepe wa mpira unaojishika wenyewe, kisha utepe mweusi wa kawaida juu yake ili jua lisiuharibu. Waya ukaachwa ulegee kidogo chini ya soketi kabla ya kuingia ukutani, maji yadondokee hapo badala ya kuufuata waya hadi ndani ya rauta. Nguzo iliunganishwa ardhini kwa waya wa shaba wa milimita za mraba 16 hadi kwenye fimbo ya shaba ya mita 1.5, nayo ikaunganishwa na ethi ya nyumba, na vizuia radi vya gesi vikawekwa kwenye waya zote mbili za antena. Vifaa hivyo humwaga ardhini umeme unaotokana na radi ya jirani. Radi ikipiga nguzo yenyewe hakuna kinachosalimika, kwa hiyo ngurumo zikianza chomoa umeme wa rauta na waya wa mtandao pia, vinginevyo kompyuta inaondoka pamoja na rauta.

Kuelekeza antena kulifanywa na watu wawili, mmoja kwenye bomba na mwingine kwenye ukurasa wa rauta. Geuza nyuzi 10, subiri dakika moja nzima namba zitulie, andika SINR, endelea. Ukipata kilele, rudi na kupita tena kwa nyuzi 3. Kinachotafutwa ni SINR kubwa kabisa, si RSRP, na mara nyingi vilele vyake viwili haviko mahali pamoja. Hapa vilitofautiana kwa nyuzi 8, kwa sababu kugeuka kidogo upande mmoja kulizidi kuufungia nje mnara mwingine wa bendi ileile. Zile dakika za kusubiri ndizo ambazo mafundi wenye haraka huziruka, na matokeo yake ni antena inayotazama mahali palipobahatika kusoma vizuri kwa sekunde moja.

Vipimo vya mwisho: bendi 20, RSRP -88, RSRQ -9, SINR 16, kushusha Mbps 22, kupandisha Mbps 8. Kutoka -96 hadi -88 ni dB 8, na hesabu inaingia: antena baada ya hasara za waya inaongeza kama dB 5 juu ya antena za ndani, zilizobaki zimetokana na kwenda juu mita 3. Faili ya megabaiti 3 sasa inapanda kwa sekunde 3 hadi 5.

Jioni saa mbili kasi ya kushusha ilishuka hadi Mbps 9 na RSRQ ikaenda -12, huku RSRP ikibaki palepale. Huo ni msongamano: watu wengi wanagawana mnara mmoja, na antena yako haiwezi kuongeza uwezo wa mnara. Inachofanya ni kukuwezesha kubeba zaidi katika sehemu unayogawiwa. Kupandisha hakukuguswa sana, kwa kuwa jioni wengi wanatazama, si wanaotuma.

Mama alitaka kujua kama angenunua kikuza mawimbi, kile kiboksi kinachochukua mtandao juu na kuurusha upya ndani. Kisinunuliwe. Hukuza kelele pamoja na mawimbi, kwa hiyo SINR haipandi, na kikikosewa kidogo hurusha uchafu mnarani na kuwaharibia majirani wote. Juu ya hayo, vifaa vya mawasiliano vinapaswa kuwa na idhini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, na vingi vya aina hii vinavyouzwa mitaani havina.

Kuhusu 5G, teknolojia yenyewe ni nzuri na imeshafika nchini: Vodacom iliizindua mwaka 2022, na Oktoba mwaka huohuo TCRA ilinadisha masafa ya MHz 700, 2300, 2600 na 3500. Swali la duka hili ni masafa gani yatafika bondeni. Kwenye MHz 3500 njia ileile humeza takribani dB 13 zaidi kuliko kwenye 800 kwa antena za aina moja, na majani huongeza hasara. Kasi kubwa ya 5G hutokana na upana mkubwa wa masafa hayo ya juu. Ile ya 700 hufika mbali, ila upana wake ni mdogo, na alama ya 5G kwenye kioo haitabadilisha kitu kikubwa. Tena aina ya 5G iliyotangulia kwenye mitandao mingi huegemea 4G kwanza: rauta hujisajili kupitia 4G, kisha 5G huongezwa juu yake. Ukiwa na SINR 1 kwenye 4G, rauta mpya ya bei mbaya itaegemea kitu kilichooza.

Anayenunua antena leo kwa kutazama mbele achague zilizoandikwa MHz 698 hadi 3800, kwa kuwa zile zinazoishia 2700 hazitasaidia kwenye 3500. Ajue pia kwamba rauta nyingi za 5G hutumia mikondo minne, hivyo soketi huwa nne na antena zinahitajika nne, au paneli moja yenye nne ndani yake. Nguzo, ethi na waya wa Cat6 hubaki vilevile, na hapo ndipo sehemu kubwa ya jasho na fedha imekwenda.

Karatasi yenye vipimo vya siku ya kufunga ilibandikwa ndani ya mlango wa boksi la rauta, ikiwa na namba ya mnara. Kati ya mwezi wa 3 na wa 5, masika ikikolea, isomwe tena. Mvua yenyewe kwenye masafa haya haichukui hata robo ya dB kwa kilomita 5. Majani mabichi yaliyolowa ndiyo hula mawimbi. RSRP ikishuka dB 6 au zaidi kwa antena zote mbili, mgomba au mkaratusi umekua mbele ya nguzo au upepo umeigeuza. Rauta zinazoonyesha kila antena peke yake zikisoma moja -88 na nyingine -100, maji yameingia kwenye konekta ya ile ya pili: ifungue, ikate, iweke mpya, kwa sababu kuikausha kunasaidia wiki chache tu. RSRP ikiwa ileile lakini SINR imeshuka mchana kutwa, tatizo liko mnarani. Mpigie mtoa huduma ukiwa na namba ya seli, bendi, saa na vipimo vya zamani na vya sasa. Lalamiko lenye namba hizo hufika kwa wahandisi. Lile la "mtandao uko chini" huishia kwa kuambiwa zima simu na uwashe.